Mume Ambaye Mkewe Amejeruhiwa na Uzazi

Iko khabari moja ambayo wanaume wa Bagamoyo, na Mlingotini, na Saadani, hata Kunduchi, huisema kwa kunong'ona au hawaisemi kabisa, nayo ni ya mwanamke aliyejifungua kwa taabu, kisha mkojo ukawa wamtoka asiweze kuuzuia. Huambiwa amerogwa, au ana mkosi. Mumewe huhama kitanda, kisha huhama nyumba.

Maradhi haya huitwa fistula, wala si uchawi. Utungu ukishika siku mbili tatu na mtoto asipite, kichwa chake hugandamiza nyama juu ya mfupa wa nyonga, damu isifike. Nyama ile hufa, pakabaki tundu baina ya kibofu na njia ya uzazi. Mara nyingi mtoto naye hufa. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliyajua haya: katika Kanuni yake aliwaonya matabibu juu ya wasichana waolewao wadogo mno, kwamba mimba yaweza kuwapasua kibofu, naye aliyaona ni maradhi yasiyo dawa. Zama zake zilikuwa hivyo. Leo tundu lile hushonwa, na wengi hupona. Huko Msasani, Dar es Salaam, hospitali ya CCBRT huwapasua wanawake hawa bila ya malipo, na mwaka 2009 ilianza kuwapelekea wagonjwa wa mbali nauli kwa njia ya simu.

Basi, ni lipi lililo juu ya mume? Mwenye kukwepa atasema vitabu vya madhehebu yetu ya Shafi havikumlazimisha mume dawa ya mkewe wala ujira wa tabibu. Kweli, yamo vitabuni. Lakini mpaka wa kadhi si mpaka wa murua. Jeraha hili mwanamke hakuliokota njiani. Alilipata akikuzalia mtoto. Tumefundishwa kwamba afaye uzazini ni shahidi. Basi yule aliyerudi hai kutoka pale pale, na jeraha mwilini, atatupwaje uani kama mkeka mbovu? Tena ujira gani, ikiwa mpasuaji hataki ujira?

Hoja ya pili ni kwamba tabibu mwanamume ataiona tupu. Hii ina uzito zaidi, nasi hatuidharau. Atafutwe kwanza tabibu mwanamke. Akikosekana, mafakihi wamekwisha sema kwamba dharura huhalalisha kilichokatazwa, kwa kadiri yake. Ila nastaajabu: mtu huyu hakuona haya mkewe alipochekwa kisimani kwa harufu yake, leo aona wivu akipelekwa kutibiwa!

Na sala je? Wako walioacha kusali wakidhani mlango umefungwa. Sivyo. Mwanamke huyu hujisafisha, hujifunga kitambaa, hutawadha kwa kila faradhi baada ya kuingia wakati wake, na sala yake ni sahihi. Mume asiyemfunza hayo, kisha akamwita najisi, amemdhulumu mara mbili.

Akisha pasuliwa hukaa na mpira wa mkojo kiasi cha wiki mbili. Kisha mume hutakiwa ajizuie naye miezi mitatu au zaidi, na uzazi unaofuata uwe hospitali, aghalabu kwa kupasuliwa. Mume na ayajue haya kabla hawajapanda gari, asije akamrudisha nusu ya njia.