Kukodi Chombo, Kukodi Bahari

Mtu akikodi katamarani nusu siku, yeye na jamaa zake tu, kutoka Christiansted katika kisiwa cha St. Croix, Karibiani, ili wakatazame matumbawe ya Buck Island kwa miwani na mrija wa kupumulia, huwa amenunua nini? Amenunua saa za nahodha, tanga na faragha. Bahari haimo katika hesabu hiyo. Mwamba ule umehifadhiwa tangu 1961, na sheria ya mwaka 2019 ilipiga marufuku mafuta ya kukinga jua yanayodhuru matumbawe. Lakini sheria haizami pamoja na mwogeleaji. Kule chini, unyayo mmoja huvunja kilichojengwa kwa miaka mingi, wala hapana shahidi. Hapo ndipo uungwana wa mgeni hupimwa.