Ghorofa Juu ya Msingi wa Zamani

Juma hili nataka tuulizane swali moja: je, ni haki mtu mwingine abebe hatari ya imani yangu?

Mwaka jana mama mmoja mjane wa kanisa letu, ambaye ameniruhusu kusimulia haya, alikuja kuniona. Ana nyumba ya mawe, ya chini tu, aliyojenga na marehemu mumewe. Alitaka kuipandisha ghorofa moja, vyumba vinne vya kupangisha, apate karo ya watoto. Alijua nimesomea biashara. Basi nikachukua kalamu. Kujenga, shilingi milioni moja na nusu. Kodi, shilingi 6,000 kila chumba, yaani 24,000 kwa mwezi. Nikamwambia, "Mama, miaka mitano na miezi mitatu, pesa yako imerudi." Tukaomba, nikambariki, akaenda kuulizia mkopo wa sacco.

Hesabu ilikuwa sawa. Lakini sikuuliza swali la kwanza: ule msingi ulijengwa kubeba nini?

Injinia alipokuja, alichimba shimo kando ya ukuta. Msingi ulikuwa futi mbili hivi, umekaa kwenye udongo mweusi, ule unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Hakuna nguzo, kuta zenyewe ndizo zinabeba paa. Akasema, "Hapa mlijengea mabati. Slabu, kuta zingine na watu juu yake, hapana." Njia aliyoona ni kushusha nguzo mpya hadi kwenye ardhi ngumu, na gharama ingekaribia mara mbili. Fundi naye akacheka: "Pasta, haya ni mawe ya Ndarugu. Nimepandisha nyumba nyingi na hakuna iliyoanguka."

Mama akanigeukia. "Pasta, Mungu aliyenipa nyumba hii atashindwa kuishikilia?"

Siku hiyo sikuwa na jibu, kwa sababu mimi ndiye niliyembariki.

Hatashindwa. Lakini kumbuka Mathayo sura ya 4, Yesu akiwa juu ya kinara cha hekalu. Hakuna aliyetilia shaka uwezo wa Mungu pale. Yesu alikataa kujitupa kwa sababu kumlazimisha Mungu aonyeshe uwezo wake si kumwamini, ni kumjaribu.

Tena Yesu angejitupa peke yake. Sisi tungemtupa nani? Soma Kumbukumbu la Torati 22:8. Aliyejenga nyumba mpya aliagizwa aweke ukingo darini, ili mtu akianguka, nyumba ile isiwe na hatia ya damu. Mwenye nyumba hakuulizwa kama ana imani. Hakuulizwa kama pesa ni zake. Aliulizwa kuhusu mtu mwingine atakayepanda pale juu.

Tarehe 29 Aprili 2016, usiku wa mvua kubwa, jengo la ghorofa sita liliporomoka Huruma, Nairobi. Karibu watu 50 walikufa. Walikuwa wapangaji, watu waliolipa kodi wapate mahali pa kulala.

Najua kuna atakayesema, "Pasta, tukingoja injinia sisi wote, nusu yetu tutazeekea kwenye mabati." Ni kweli, na simhukumu mtu. Wengi wetu hujenga kidogo kidogo, na mengi tunaanza kabla ya kuona mwisho wake. Ukihatarisha pesa yako na jasho lako, hiyo ni imani yako. Lakini mpangaji anayekuja na mtoto mgongoni na kodi mkononi hajakubali kuwa sehemu ya ushuhuda wangu. Yeye hajui habari za futi mbili. Mimi najua, na kwa kuwa najua, siwezi tena kusema ni mapenzi ya Mungu.

Nilimwomba mama msamaha. Mkopo hakuchukua. Nyumba bado ni ya chini, na karo bado ni shida. Hapo neno linatugeukia sisi, maana ni rahisi kumwambia mjane asijenge, kisha ukaenda zako nyumbani. Ushirika wake umelipa karo ya mtoto mmoja kwa muhula huu. Wamebaki wawili.

Wiki hii, kabla hujamwambia mtu "amini tu," uliza kwanza ni nani atakayelala chini ya hiyo slabu.