Siri na Mwenye Haki Nayo

Siri husifiwa kwa kufichika kwake. Isemwapo kwamba siri imehifadhiwa vema, maana yake ni kuwa adui hakuipata. Sifa hiyo ni ya haki, lakini ni nusu ya haki tu, kwa kuwa siri ya washirika wa vita humhusu mtu mwingine pia, naye ni rafiki aingojaye. Siri isiyomfikia rafiki imefichwa kwa wote wawili.

Ziwa Tanganyika lilitoa mfano wa jambo hili katika Vita Kuu ya Kwanza. Wajerumani walitawala ziwa kutoka bandari yao ya Kigoma. Mwaka 1915 Waingereza walileta mashua mbili za vita, Mimi na Toutou, kwa reli kutoka Cape Town; zikaburutwa porini juu ya milima ya Mitumba, zikateremka mto Lualaba, hata zikafika Lukuga, kituo cha washirika wao Wabelgiji. Mapema Desemba afisa wa Kijerumani, Job Rosenthal, aliogelea hadi ufuko wa Lukuga ili apeleleze, akakamatwa. Alipopata nafasi ya kupeleka barua Kigoma, alificha ndani yake maneno aliyoyaandika kwa mkojo badala ya wino. Waliomkamata hawakuyaona. Wenzake nao hawakuyaona, mpaka ilipopita miezi kadhaa.

Tarehe 26 Desemba 1915 meli Kingani ilikwenda Lukuga, ikatekwa. Hedwig von Wissmann ikatumwa kwenda kujua yaliyoipata. Tarehe 9 Februari 1916 ikazamishwa. Onyo lililoandikwa halikuokoa hata meli moja. Mkono ulioandika ulitimiza wajibu wake. Lililokosekana ni jicho lililojua mahali pa kutazama.

Manowari za mataifa rafiki zimo katika mtihani huo huo leo. Habari zao hupita hewani kwa redio na setilaiti, zikiwa zimefungwa kwa maandishi ya fumbo. Ufunguo wa fumbo hubadilishwa mara kwa mara, na meli ijiungayo na msafara sharti itambuliwe kabla ya kusadikiwa. Hapo hofu humshauri mkuu wa msafara kupunguza wenye ufunguo. Ushauri huo una sababu. Mwaka 1914 Warusi walipata kitabu cha fumbo katika manowari ya Kijerumani Magdeburg, na siri za meli nyingi zikawa wazi kwa hasara ya moja. Lakini Warusi hao hao waliwapa Waingereza kitabu, na faida yake ikawa kubwa kuliko kama wangekificha wao wenyewe.

Mvuvi wa dagaa wa Ujiji huwasha taa usiku ili samaki waje. Taa hiyo humwonyesha alipo kwa kila aliye ufukoni, naye hawezi kuizima akatumaini kuvua. Kadhalika, mshirika hawezi kuondoa hatari yote ya kusema ila kwa kunyamaza, na anyamazaye huinunua salama yake kwa maisha ya mwenziwe. Kwa hiyo wajibu wa kuficha hauwezi kutenganishwa na wajibu wa kufikisha. Kufuli njema ni ile ambayo mwenye haki hakukosa ufunguo wake siku ya haja.