Maili ya Pili: Wajibu na Hisani katika Kazi

Agizo la Yesu katika Injili ya Mathayo 5:41, kwamba anayelazimishwa kwenda maili moja aende mbili, lilitolewa kwa watu waliokuwa chini ya utawala wa Kirumi. Kitenzi cha Kigiriki kilichotumika hapo, angareuo, ambacho asili yake ni huduma ya matarishi wa wafalme wa Uajemi, kilimaanisha kumtwaa mtu au mnyama wake kwa shokoa, yaani kazi ya lazima isiyo na ujira, na Mathayo anakirudia katika sura ya 27, askari wanapomshurutisha Simoni Mkirene auchukue msalaba. Katika maili ya kwanza, ambayo kwa kipimo cha Kirumi ilikaribia mita 1,480, mchukuzi aliongozwa na amri ya mwingine. Katika ya pili, ingawa mzigo ulikuwa uleule, mwenye uamuzi alikuwa yeye mwenyewe.

Uislamu nao unaitambua tofauti hiyo, kwani katika Sura An-Nahl, aya ya 90, Mwenyezi Mungu anaamrisha uadilifu pamoja na ihsani, neno lililozaa hisani ya Kiswahili. Wafasiri wengi hueleza kwamba uadilifu ni kumpa kila mtu haki yake kamili, na ihsani ni kumzidishia wema juu ya haki hiyo. Neno kuzidisha lenyewe linadokeza kuwapo kwa kitu kinachozidishwa, na ndiyo maana Msamaria wa mfano wa Yesu katika Luka 10:35 alitoa kwanza dinari 2 za kumtunza majeruhi, sawa na ujira wa kibarua wa siku mbili, ndipo akaahidi kulipia gharama yoyote itakayoongezeka. Kwa mantiki hiyo, mwalimu asiyeingia darasani hawezi kujifidia kwa sadaka, kwa kuwa maili ya kwanza bado anadaiwa.

Katika kazi za kila siku, ziada hiyo aghalabu ni ndogo. Mtoa dawa wa zahanati anayeandika 1×3 juu ya bahasha ya vidonge ametimiza wajibu wake, na hakuna mkaguzi atakayemlaumu. Lakini akimwona bibi kizee anaigeuzageuza bahasha ile mkononi, akamuuliza hula saa ngapi, kisha akaviambatanisha vidonge na chai ya asubuhi, chakula cha mchana na cha usiku, amekwenda naye maili ya pili kwa dakika moja tu, mbele ya foleni ndefu.

Hata hivyo, mafundisho haya hupotoshwa pale mwajiri anapoyageuza kuwa hoja ya kudai saa za ziada zisizolipwa. Afrika Mashariki haijakosa kumbukumbu ya shokoa, kwa maana jina la Kariakoo, mtaa wa Dar es Salaam, limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Uingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, ambao wengi wao walichukuliwa kwa nguvu. Injili haikumpa askari ruhusa ya kudai maili mbili, bali ilimwachia mchukuzi zawadi ambayo askari hakuwa na uwezo wa kuiamuru. Kwa hiyo maili ya pili haiandikiki katika mkataba wa ajira, kwani ikishaandikwa huhesabiwa pamoja na ya kwanza, na anayetaka kutenda hisani hulazimika kuitafuta ya tatu.