Makombo Yasipotee

Bwana Yesu alipokwisha kuwashibisha watu 5,000, aliwaagiza wafuasi wake wakusanye makombo. Vikajaa vikapu 12. Yeye mwenye kuuzidisha mkate hakupenda kipande kimoja kipotee.

Pale Kingamyambo, karibu na Kolwezi, udongo uliosalia baada ya kutolewa shaba ulitupwa miaka mingi kama takataka. Baadaye ikatambulikana kwamba ndani yake mlibaki shaba na kobalti, na wenye mali wakautaka. Udongo uliwangoja, bali msitu uliokatwa kwa ajili ya makala haurudi upesi, wala mto uliochafuliwa hausafishwi kwa majuto.

Basi nyumba ya Mkristo na ianze leo. Makala yaliyosalia katika mbabula yazimwe, yapikiwe kesho. Maganda na majani yafukiwe shambani yawe mbolea. Baba asinunue simu mpya kwa kumwonea jirani kijicho, naye mtoto hana daftari. Nguo isiyovaliwa apewe asiye nayo.

Mwaka 2015, katika waraka Laudato si’, Papa Fransisko alifundisha kusikiliza kilio cha dunia pamoja na kilio cha maskini. Jioni hii kila mmoja atazame jikoni mwake: je, ni kipaji gani cha Mungu kinachotupwa humo?