Tawakkul Haijazi Tangi



Tarehe 12 Oktoba 1997, mwimbaji wa Marekani John Denver alipaa peke yake kutoka uwanja wa ndege wa Monterey, California. Ndege ilikuwa ndogo, aina ya Long-EZ, iliyoundwa na mtu binafsi kwa kufuata ramani, si kiwandani. Denver alikuwa ameinunua karibuni tu. Haikupita nusu saa, ikaanguka baharini naye akafa.

Wachunguzi walikuta mambo madogo madogo. Ramani iliweka swichi ya kubadilisha tangi la mafuta mbele ya rubani, kati ya miguu yake. Aliyeiunda ndege akaihamishia nyuma ya bega la kushoto. Ili kuifikia, rubani ilibidi ajigeuze, na anayejigeuza hivyo mguu wake wa kulia hukanyaga pedali bila kukusudia, ndege ikapinda. Vipimo vya mafuta navyo vilikuwa nyuma. Fundi akampa kioo ili avione. Walijaribu kurefusha mkono wa swichi kwa koleo, ikashindikana. Alipoulizwa kama aongezewe mafuta, akasema hapana haja, ataruka kama saa moja tu.

Kasoro ilijulikana, basi. Ilizungumzwa chini, ikapandishwa angani vilevile.

Sisi Waislamu tunapenda kumtaja Abbas ibn Firnas wa Andalusia, aliyejaribu kuruka kwa mbawa karne ya 9, na tuna haki ya kujivuna. Lakini husimuliwa pia kwamba alipotua aliumia mgongo, kwa kuwa hakujitengenezea mkia, na ndege hutua kwa mkia. Hakuna aliyesema imani yake ilipungua. Kilichopungua ni mkia.

Sasa tuje kwetu. Busia ndiko inakosimuliwa kwamba jina boda boda lilizaliwa, kwa baiskeli zilizovusha watu kati ya vituo viwili vya mpaka. Leo ni pikipiki, na mwanafunzi anayewahi Ijumaa Tororo hupanda wa tatu nyuma, helmeti moja ikining'inia kwenye usukani. Wakianguka, tunasema kadari. Ni kadari kweli, wala haturuhusiwi kumkanusha Allah katika hilo. Ila tusome Surat An-Nisaa, aya ya 92: anayemuua muumini kwa bahati mbaya amewajibishwa kafara, na diya kwa jamaa wa marehemu wasiposamehe. Kifo kile nacho kilikuwa kimeandikwa! Kadari haikumfutia mtu deni lake. Mafaqihi nao wanasema aliyeshika amana halipi ikiharibika, mpaka ithibiti alizembea. Abiria ni amana. Na wewe mwenyewe uliyepanda, mwili wako ni amana kwako.

Bedui aliyemwuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu ngamia wake aliambiwa amfunge kwanza, kisha ategemee. Watu wengi tunaikumbuka nusu ya pili, pengine kwa sababu haina gharama.

Ijumaa ijayo, pale stendi ya Busia, kabla hujasoma dua ya safari, mwulize kijana breki zake zikoje. Akicheka, mwache aende, tafuta mwingine. Khutba itakusubiri au utaikosa.

Wallahu a'lam.