Usikimbize Dodoso, Mjukuu Wangu

Mjukuu wangu, kaa kwanza. Barua ya Katibu Tawala wa Wilaya inayokuruhusu kufanya utafiti nimeiona, na mtendaji wa kijiji atakupokea. Hayo ndiyo mepesi. Nimechoka kuona wanafunzi wa chuo wakishuka Tukuyu asubuhi, wanapita kaya baada ya kaya, jioni wamo kwenye basi la Mbeya.

Hebu tuliangalie swali lako hili: "Unavuna mikungu mingapi ya ndizi kwa mwaka?" Hapa Rungwe ndizi hazingoji msimu kama mahindi. Mama anakata mkungu leo wa kupika, keshokutwa anauza mwingine barabarani, wa tatu unakwenda msibani kwa jirani. Nani anaweka hesabu? Atakutajia namba tu, maana wewe ni mgeni na anaona aibu uondoke mikono mitupu. Nawe utaiingiza kwenye kompyuta, na tangu hapo kila mtu ataiamini. Muulize juma hili amekata mingapi, na kila mmoja umekwenda wapi. Kisha rudi juma lijalo, uulize tena. Vivyo hivyo ukimuuliza mama mkuu wa kaya ni nani: atamtaja mume aliyehamia mjini siku nyingi, ilhali ng'ombe wa maziwa, shamba na sare za watoto anavihangaikia peke yake.

Wapo waliokaa: mwanaanthropolojia Godfrey Wilson alianza utafiti wake huku mwaka 1934, mkewe Monica akamfuata, na kazi yao ikaendelea hadi 1938. Walijifunza Kinyakyusa, lugha yetu. Wasomi wa baadaye wamepinga baadhi ya aliyoandika Monica kuhusu vijiji vya rika katika *Good Company*, kitabu cha 1951, na ni haki yao. Mimi linaloniuma ni jingine. Karani wao, Leonard Mwaisumo, kijana wa huku huku, alifariki mwaka 1938, na vitukuu wetu hawalijui hata jina lake.

Kwa hiyo kijana atakayekukalimania kwa mabibi wasiojua Kiswahili, mlipe, na akiridhia, jina lake liandike ndani ya tasnifu. La bibi atakayekusimulia ugomvi wa shamba, lifiche kabisa, hata kitongoji usikitaje. Ukimaliza, leta nakala fupi ya Kiswahili kwa mtendaji. Mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila miezi mitatu. Njoo uisome mwenyewe, watu wakusahihishe kabla hujafunga jalada.